Hola na jina mlilolisahau

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu mauaji ya mahabusu wa Mau Mau katika kambi ya Hola, huku Tana River, enzi za ukoloni, niliisoma kwa raha mpaka karibu na mwisho, pale mlipomvika Enoch Powell, mbunge wa Uingereza aliyeyalaani mauaji hayo, kilemba cha ushujaa peke yake. Sikatai, hotuba yake ya kikao cha tarehe 27 Julai 1959 ilikuwa nzito. Alisimama bungeni saa saba usiku imeshapita, naye ni wa chama tawala, akawaambia wenzake kwamba haiwezekani haki iwe na kipimo kimoja kwao na kingine Afrika. Lakini Barbara Castle mmemwacha wapi?

Huyu mama alikuwa mbunge wa Blackburn, mji wa viwanda vya pamba huko Uingereza, kwa tiketi ya chama cha Labour tangu 1945 hadi 1979. Wapiga kura wake hawakuwa na jamaa Nyeri wala Murang'a. Hata hivyo, mwaka 1955 alifunga safari hadi Kenya, gazeti la Daily Mirror likimlipia, kufuatilia kifo cha mtu mmoja tu: Kamau Kichina, aliyeshikwa kwa madai ya wizi akapigwa mikononi mwa polisi hadi akafa. Maafisa wa Kizungu waliopatikana na hatia walihukumiwa kwa kujeruhi, si kwa kuua. Castle alirudi London akaanza kuuliza. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alimjibu kwa kumzungusha. Naye aliuliza tena. Kumbukeni hiyo ni miaka minne kabla ya hotuba mnayoisifu.

Kisha ikaja Hola. Nimefundisha historia Tana River miaka mingi, na kila mwaka somo hili lilinikwama mahali pamoja. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 88 walitolewa kwenda kufanya kazi ya mifereji kwa lazima, wakapigwa marungu na askari jela, na kumi na mmoja wakafa. Serikali ya koloni ikatoa taarifa kwamba wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Nikifika hapo, darasa linanikodolea macho. Mwaka mmoja msichana wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, si ni haya haya ya mtoni tunayokunywa sisi?" Sikuwa na la kuongeza. Uchunguzi wa hakimu baadaye ulionyesha kwamba vifo vilitokana na kipigo, na maji yakasahaulika kimyakimya.

Castle alikuwa miongoni mwa wabunge walioing'ang'ania taarifa hiyo ya maji mpaka serikali ikakosa pa kuificha. Powell alipoinuka usiku ule, shamba lilikuwa limeshalimwa. Yeye alikuja na jembe moja la mwisho, zuri kweli, akapigiwa makofi na historia. Mtu huyo huyo mwaka 1968 alitoa hotuba Birmingham dhidi ya wahamiaji, hotuba iliyomfukuzisha kwenye safu ya mbele ya viongozi wa chama chake bungeni. Hilo nalo makala yenu haikulitaja.

Wala sitaki mdhani namfanya Castle malaika. Mwaka huo huo wa 1968 alikuwa waziri katika serikali iliyoharakisha, kwa siku chache tu, sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Alibaki kwenye kiti chake. Kwa mtu aliyeyaona ya Nairobi kwa macho yake, hilo limekuwa likinikera.

Mengine ya maisha yake Waingereza wenyewe wanayajua. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, na gari hajui kuendesha, alipitisha kipimo cha ulevi kwa madereva mwaka 1967, akatukanwa kila baa ya nchi ile. Wenye matatu wanaolaani alkoblo wajue laana hizo zina historia ndefu. Mwaka 1968 aliwaita mezani kwa chai kina mama washonaji wa viti vya magari wa kiwanda cha Ford, Dagenham, waliokuwa wamegoma. Miaka miwili baadaye akapitisha sheria ya malipo sawa kwa wanawake na wanaume. Alipigania pia posho ya watoto ilipwe moja kwa moja mkononi mwa mama. Mwaka 1976 James Callaghan, alipokuwa Waziri Mkuu mpya, alimwondoa kwenye baraza la mawaziri. Alifariki Mei 2002, akiwa na miaka 91.

Kwa hiyo hakuishi kuona Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipoeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 wa Kenya walioishtaki kwa mateso ya enzi za Mau Mau. Mmoja wa waliofungua kesi hiyo, Wambugu wa Nyingi, alikuwa Hola siku ile. Alizimia akalazwa pamoja na maiti, wakidhani naye amekufa.

Kila Machi huwa mnaandika kuhusu Hola. Safari ijayo nipigieni simu mapema. Majibizano ya Castle na Lennox-Boyd ninayo, nimeyachapa kutoka kumbukumbu za Bunge lao, na nitawapa bure.

Mwalimu mstaafu,
Garsen