Haijapona, inasubiri tarehe 13

Makulu, Dodoma
7 Machi 2025

Shoga yangu Rehema,

Mbukwenyi! Na funga njema. Huku kwetu Kwaresima imeanza Jumatano, kwa hiyo mwaka huu wewe na mimi tunashinda na njaa pamoja, wewe huko Morogoro penye maji ya mlimani, mimi huku na vumbi langu. Watoto hawajambo. Zabibu zimeanza kujaa barabarani, ndoo kwa ndoo, na kila nikizipita nakukumbuka ulivyokuwa unazila chuoni bila kuosha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nikuandikie, maana nikikupigia utaitikia "ee, ee, nimekuelewa" huku mikono iko kwenye kibodi unafanya kingine.

Nianze na hilo la programu uliyoliandikia duka la dawa "kupona yenyewe". Umesema uliifunga kwenye kompyuta ya dukani tarehe 3 Februari, ikaenda vizuri siku kumi hivi, katikati ya mwezi ikaanza kufa kila muuzaji akibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ukaiondoa, ukaifunga upya, ikafa tena. Ukaifunga mara ya tatu. Kisha Machi ikaingia, na tarehe 1 asubuhi ikaamka mzima kama haikuwa yenyewe. Mwenye duka akashukuru, na wewe ukashukuru.

Mwenzangu, haijapona. Inasubiri tarehe 13.

Kilichonishtua ni neno ulilolipita haraka, kwamba kompyuta ya dukani ni ya mtumba. Mashine nyingi za namna hiyo zinakuja na Windows iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, na Wamarekani wanaandika mwezi kwanza, siku baadaye. Sasa nakumbuka msimbo wako, maana tuliusoma pamoja: tarehe unaiandika kama neno, siku mbele, halafu kwenye kuhifadhi unalisoma neno hilo kwa DateTime.Parse, ile amri ya kugeuza neno kuwa tarehe, bila kuiambia mpangilio. Ukinyamaza hivyo, mpangilio wa mashine ndio unaoamua. Kwenye laptopu yako siku iko mbele, kila kitu sawa. Dukani, 05/02 inasomwa tarehe 2 Mei, na haigombi, kwa sababu mpaka tarehe 12 kila siku inaweza kujifanya mwezi. Ikifika 13 inatafuta mwezi wa kumi na tatu, inaukosa, inaanguka.

Kwa hiyo siku ulizokuwa unalia ndizo zilizokuwa salama, angalau hazikuandika uongo. Hizi za utulivu ndizo mbaya. Leo ukifika dukani, kabla ya kugusa chochote, tafuta mauzo ya tarehe 5 Februari. Kama yamo chini ya 2 Mei, mwezi ambao hata haujafika, basi ugonjwa tumeupata. Usiangalie ya tarehe 3 Machi, ukadanganyika. 3/3 haina mbele wala nyuma.

Bahati yako tarehe za dawa kuisha muda unazichukua kwenye kile kikalenda cha kuchagulia, hazipiti njia hii. Zingepita, dawa ya kuisha 12 Aprili ingekaa rafuni kwa amani mpaka 4 Desemba. Hilo peke yake linanitoa jasho.

Dawa yake usiifanye ya kubadilisha mpangilio wa Windows ukaondoka. Kesho atanunua mashine nyingine na utarudi palepale. Tumia ParseExact, uitajie umbo la tarehe waziwazi, na kwenye kanzidata, ghala la rekodi zako, hifadhi mwaka kwanza: 2025-03-07. Umbo hilo halina mjadala, na hata zikipangwa kama maneno zinakaa kwa mfuatano wake. Rekodi zilizogeuka utazirudisha, namba za risiti zitakuongoza kwa kuwa zenyewe zinaenda mbele tu. Ila zima programu kwanza ndipo unakili faili la SQLite lenye kanzidata yenyewe. Ukilinakili wakati mtu anaendelea kuuza unaweza kuondoka na nakala mbovu, na nakala mbovu utaijua siku unayoihitaji.

Haya, la pili, kuganda. Unasema wakifungua ripoti ya stoo dirisha linakuwa jeupe na juu yake panaandikwa kwamba programu haijibu. Windows ikikaa kama sekunde tano bila dirisha kuitikia, inaandika hivyo. Haina maana programu imekufa. Fikiria mama lishe pale soko la Majengo aliye peke yake. Anapika, anapokea hela, anasikiliza oda. Siku akienda kuchota maji, wateja wanagonga meza, na yeye hajafa, yuko bombani. Dirisha lako lina thredi moja tu, yaani mfanyakazi mmoja, ya kuchora na kusikiliza mibonyezo, na umeituma bombani.

Najua utakimbilia kuongeza thredi ya pili. Subiri. Kwanza angalia ripoti yenyewe inafanya nini. Nina hakika unachukua orodha ya dawa, kisha kwa kila dawa unarudi kwenye kanzidata kuuliza zimebaki ngapi. Dawa elfu moja, safari elfu moja. Ziunganishe ziwe swali moja, uweke faharasa kwenye safu ya namba ya dawa, huenda kuganda kukaisha bila thredi yoyote. Kukibaki, ndipo utumie async na await, kazi nzito iende pembeni. Na huko pembeni usiguse lebo wala jedwali la dirisha. Anayegusa vitu vya jikoni ni mama lishe mwenyewe. Ukisahau, WinForms inayochora madirisha yako inaweza kukutupia kosa la thredi kuingilia isipohusika ukiijaribu kwako, au ikanyamaza kisha ikavurugika dukani, mbele ya mteja, sijui kwa nini ni lazima iwe mbele ya mteja.

Sasa kile ulichosema mwishoni kwa sauti ya chini, kwamba unafikiria kuifuta yote uiandike upya. Ngoja nikusimulie la Kibaigwa, sijawahi kumwambia mtu kwa sababu linaniaibisha.

Kuna mzee mfanyabiashara wa mahindi nilimtengenezea programu ya mauzo. Misimu miwili, kimya. Msimu wa tatu akanipigia simu: "Binti yangu, njoo." Nikapanda basi. Akageuza skrini upande wangu, akaweka kidole kwenye jumla ya mauzo tangu tuanze. Palikuwa pameandikwa −1,978,517,296.

"Hiki kistari mbele ya hela yangu ni nini?"

Nikamwambia ni virusi. Kweli, nilisema hivyo! Nikasafisha mashine mchana kutwa. Kistari kikabaki. Nikasingizia umeme uliokatika wiki ile, nikakagua kanzidata, iko salama. Nikasingizia flashi ya kijana wake. Nikalala gesti. Usiku wa pili nikaamua kama wewe: nafuta, naanza upya, huu msimbo niliuandika nikiwa mdogo.

Asubuhi mzee akaja na chai, akakaa, akauliza jambo ambalo alikuwa ameshaliuliza mara mbili na mimi sikusikia. "Na hizi 296 za mwisho nimezipata wapi? Mimi gunia siuzi kwa shilingi sita."

Rehema, nilikaa na kikombe mkononi. Bei zake zote zinaishia na sifuri mbili. Ukijumlisha namba zinazoishia na sifuri mbili huwezi kupata 296, hata ukosee vipi mauzo. Kwa hiyo data zake hazikuwa na kosa, kujumlisha ndiko kulikokuwa na kosa. Nikamwomba daftari lake. Jumla ya daftari: 2,316,450,000. Nikaijumlisha kwenye simu na ile ya skrini bila kistari, ikatoka 4,294,967,296. Mbili kwa kipeo cha 32.

Jumla niliiweka kwenye int, chombo cha kuwekea namba nzima. Int ina biti 32, mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukipita hapo, C#, lugha tunayoandikia programu, kwa kawaida yake hailalamiki, inazunguka kimyakimya kwenda upande wa hasi. Mifano tuliyojifunzia ilihesabu dola. Bilioni mbili za dola ni za matajiri wa kwenye habari. Bilioni mbili za shilingi ni mahindi ya misimu mitatu ya mzee wa Kibaigwa. Nikabadilisha neno moja, int ikawa long, chombo kikubwa zaidi, nikajenga upya, kistari kikaondoka. Dakika nne.

Na ningeiandika upya, ningeandika int tena. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nisingejua nilichokosea, ningekirudia kwa mwandiko mzuri zaidi, na kingekaa misimu mingine kabla ya kutokea.

Kwa hiyo usifute. Badala yake nifanyie kitu kimoja. Zile catch zako tupu, za kukamata kosa na kulimeza ili mteja asiogope, ziondoe zote. Nilikuwa nazo pia, usione haya. Mahali pake andika logi, daftari la makosa: saa, jina la mtumiaji, ujumbe wa kosa, na ule mlolongo wa mistari unaofuata. Mlolongo huo usome kutoka juu, ushuke mpaka jina la faili la kwanza lililo lako. Hapo ndipo pa kuanzia. Laiti ungekuwa na logi mwezi uliopita, neno FormatException, kosa la umbo, lingekwambia tarehe 13 hiyohiyo, usingefunga programu mara tatu.

Logi usiiweke ndani ya Program Files. Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika humo, na kwako inakubali kwa sababu unaendesha kama msimamizi. Weka AppData, folda ya mtumiaji mwenyewe. Kuna programu ya zamani, ya lugha ya VB6, niliyorithi mahali, ilihifadhi mauzo humohumo. Windows, kwa huruma yake kwa programu za zamani, ilikuwa inaipeleka kila mtumiaji kwenye nakala yake ya pembeni, folda ya VirtualStore. Kijana wa asubuhi akawa anaona mauzo yake tu, wa jioni yake tu. Walikuwa wameshafika kutuhumiana wizi na mmoja ameitwa na bosi. Hakuna aliyeiba hata senti. Jumla ilikuwa ipo, imekaa kwenye faili mbili.

Nimeandika mpaka mkono unauma, na huyu mdogo ameamka.

Nijibu leo kuhusu tarehe 5 Februari, hata neno moja tu, "Mei" au "hapana". Ikiwa hapana, nitakuwa nimekosea na tutaanza kwingine, nitumie picha ya kosa lenyewe wala usinisimulie. Ikiwa ni Mei, tarehe 13 ni Alhamisi, una siku sita. Kazi ni ya jioni moja. Ukikwama, panda treni ya umeme Jumamosi uje na laptopu na nakala ya faili, tutafuturu hapa kwangu. Nitapika mlenda, na zabibu safari hii utaosha.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya kikohozi ile ya majani bado naitumia.

Shoga yako,
Neema

N.B. Mzee aliniuliza hiyo long nayo mwisho wake ni wapi. Nikamwandikia kwenye karatasi: 9,223,372,036,854,775,807. Akaitazama sana, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema atanipigia akikaribia.