Mgeni wa Dar es Salaam aulize barabara kabla ya kuuliza kodi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wanaohamia Dar es Salaam, pamoja na ndugu zao wanaowapokea. Ajira mpya zikitoka na vyuo vikifunguliwa, watu huja hapa na kodi ya miezi sita mkononi, na haipiti wiki pesa hiyo imekwisha kuingia kwenye chumba kisichowafaa. Chumba chenyewe huwa hakina kasoro kubwa. Kasoro ni mahali kilipo. Swali la kwanza la mgeni huwa ni bei, wakati angepaswa kuuliza kwanza kazi yake au chuo chake kiko kwenye barabara ipi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Asubuhi wengi wao huelekea Posta na Kariakoo, kwa barabara kuu nne: Bagamoyo (ambayo ikikaribia mjini huitwa Ali Hassan Mwinyi), Morogoro, Nyerere na Kilwa. Zinatoka katikati ya mji na kutawanyika kama vidole vya mkono. Njia kubwa ya kuvuka kutoka kidole hadi kidole ni moja, Mandela, inayotoka upande wa bandari, ikapita Tazara, Buguruni na Ubungo, kisha ikaendelea kama Sam Nujoma hadi Mwenge. Kwa hiyo anayepanga Mbagala na kufanya kazi Tegeta anavuka mji mzima mara mbili kila siku, na anagombania Mandela na malori ya bandarini. Kwenye ramani anaona kilomita. Barabarani atakutana na saa tatu au nne za maisha yake, kila siku ya Mungu.

Kanuni ni kupanga kwenye barabara ile ile ya kazi yako. Kazi ikiwa Masaki, Mikocheni au Mwenge, tafuta Kawe, Tegeta, Bunju, au Goba kwa ndani. Ikiwa uwanja wa ndege au viwanda vya Nyerere Road, tafuta Ukonga, Gongo la Mboto, Segerea au Kinyerezi. Anayefanya kazi bandarini au Kurasini aangalie Temeke, Mtoni na Mbagala. Kigamboni ni pazuri na kuna nafasi, lakini kwa anayefanya kazi mjini milango mikuu ni miwili: kivuko cha Magogoni na Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016. Kivuko kimoja kikienda matengenezo, foleni ya Feri huwa ndefu, na wanaozunguka kwa daraja huongezeka. Usipange huko kabla ya kujua utatumia mlango upi.

Anayefanya kazi Posta au Kariakoo anaweza kukaa barabara yoyote, ila asogee karibu na kituo cha mwanzo wa ruti. Jambo hili wageni wengi hawalijui. Mtu wa Manzese yuko karibu na mjini kuliko mtu wa Kimara Mwisho, lakini asubuhi gari humfikia likiwa limekwisha jaa, wakati yule wa Kimara amekaa kwenye kiti. Ndiyo maana utaona watu wanapanda gari linaloenda kinyume na safari yao, wanafika nalo mwisho wa ruti na kurudi nalo, wakilipa nauli mara mbili. Huko ndiko kugeuza na gari, na anayelazimika kugeuza kila siku aiweke gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi. Chumba cha bei nafuu kinachodai nauli nne kwa siku hakina unafuu wowote.

Kabla ya kulipa, fanya safari ya majaribio. Nenda Jumatatu kwenye chumba hicho, utoke hapo saa 12 asubuhi kama unakwenda kazini, kisha urudi jioni ukitoka mjini saa 11. Kupima njia Jumapili mchana ni kujidanganya. Kama unategemea mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, uliza wanaolipanda hali yake ya wiki hiyo. Huduma iliyoanza 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco ni msaada mkubwa ikiwa magari yapo ya kutosha, na ni msongamano wa kutisha yakipungua. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani maji ya mto Msimbazi yakipanda, na mji wote hulemewa.

Zipo pia njia za ndani zinazomwokoa mtu na Ubungo, na mgeni hupewa mara chache. Kutoka Mbezi Mwisho kuna lami inayopita Goba hadi Tangi Bovu kwenye barabara ya Bagamoyo, na nyingine inayochepuka Goba kupitia Madale kwenda Tegeta. Upande wa pili kuna Mbezi kwenda Malamba Mawili, Kinyerezi na kutokea Banana. Basi lako likikushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambako mabasi ya mikoani yalihamia 2021 kutoka Ubungo, na unaenda Tegeta au Gongo la Mboto, usikubali kupelekwa kwanza mjini. Hapo stendi uko kama kilomita 20 kutoka Posta, na ukienda mjini utalazimika kurudi tena nje ya mji. Mabasi ya Lindi na Mtwara, kwa upande wao, huingia kwa barabara ya Kilwa, kwa hiyo uliza utashukia wapi kabla mwenyeji wako hajaenda kukusubiri Mbezi. Ukija kwa treni ya SGR na unaelekea Ukonga au Chanika, angalia kama treni yako inasimama Pugu, ushuke huko badala ya kufika Stesheni.

Tangu safari za usiku ziruhusiwe tena, mabasi mengi hufika saa 8 au saa 9 usiku. Ukifika wakati huo, kaa ndani ya stendi, penye taa na abiria wengine, mpaka daladala zianze alfajiri. Mizigo isibebwe na mtu usiyekubaliana naye bei, hata akisema ni msaada. Simu usiishike dirishani kwenye daladala wala ukingoni mwa barabara: vishandu, wezi wa kunyakua, huja na pikipiki kwa nyuma, na kabla hujageuka simu imekwenda. Na ukiagiza pikipiki, dai kofia ngumu.

Sasa majina ya vituo, maana hapa watu hupotea hata wakiwa na simu nzuri. Mbezi ziko mbili zilizo mbali kabisa: Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro. Mwenyeji anayekuelekeza "njoo Mbezi" hajakuelekeza. Dai jina kamili na jina la barabara. Posta nayo ina Posta Mpya na Posta ya Zamani. Ukonga kuna kituo kinaitwa Mombasa, Manzese kuna Argentina, Kinondoni kuna Morocco, na konda akiyataja hakutanii. Kwenye barabara ya Morogoro ukitoka Ubungo kuna Kibo, Baruti, Bucha, Korogwe, Kimara Mwisho, Stop Over, Suka, Temboni, Kwa Msuguri, kisha Mbezi Mwisho. Mgeni wa njia hiyo ayakariri kwa mpangilio huo, ili akisikia "Temboni" wakati anashuka Suka ajue amepitiliza. Mwambie konda kituo chako mapema, na umkumbushe kituo kimoja kabla. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa urefu wa ruti, na konda anayekatisha ruti njiani anavunja masharti. Dai urudishiwe chenji ya sehemu iliyobaki, uidai kabla hujashuka.

Mgonjwa anayepewa rufaa ya Muhimbili asome barua yake mara mbili. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, katikati ya mji, na pale pale ndipo zilipo taasisi ya mifupa MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Mloganzila, ambayo nayo ni Muhimbili, iko nje huko Kibamba. Basi linalotoka Morogoro, Iringa au Mbeya hupita Kibamba kabla ya kufika Stendi ya Magufuli, hivyo mwenye kliniki Mloganzila akijua mapema anaweza kumwomba dereva amshushe njiani. Asipojua, mgonjwa aliyechoka atafika hadi Upanga, aambiwe jina lake haliko, arudi njia yote ile. Saratani hutibiwa Ocean Road, ufukweni, ambako ni jengo tofauti na Muhimbili. Mpangie mgonjwa malazi karibu na kliniki yake hata kama ndugu yupo Chanika na ana chumba cha bure.

Nirudi kwenye chumba. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na wengi hudai pesa kidogo ya kuonyesha nyumba. Hayo ni ya kawaida, mradi mkubaliane kabla ya kuanza kutembea. Utapeli wa hatari ni wa mpangaji anayejifanya mwenye nyumba: anaonyesha chumba chake mwenyewe, anapokea kodi za watu watatu, anahama usiku. Kinga yake ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kulipa, kumuuliza mwenyekiti au mtendaji nyumba ile ni ya nani, na kuandikishana mkataba hapo hapo. Lipa kwa benki au kwa simu, na jina linalotokea kwenye simu lilingane na lililo kwenye mkataba. Ofisi hiyo utaihitaji tena kwa barua ya utambulisho, kuanzia maombi ya kitambulisho cha taifa cha NIDA hadi kumwekea ndugu dhamana, kwa hiyo jitambulishe mapema.

Ukiingia ndani ya uzio, tazama kuta za nje usawa wa magoti. Plasta iliyobanduka kwa mstari mmoja, rangi mpya iliyopakwa chini tu, au vizuizi vya tofali kwenye milango ya majirani, ni dalili kwamba maji huingia wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mabonde ya Msimbazi na mito inayoingia humo, maeneo kama Kigogo, Mchikichini na Jangwani, yanajulikana kwa hilo. Vyumba huko huwa rahisi kiangazi, na wanaopanga Agosti ndio huumia. Tazama pia alama ya X ukutani. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na mpangaji aliyelipa mwaka mzima hana wa kumrudishia.

Maji usimuulize dalali, muulize mama anayefua uani: bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka siku ngapi kwa wiki, na saa ngapi? Kama linatoka usiku wa manane tu, bila simtanki utakuwa unakesha. Kama nyumba inatumia kisima, onja. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, hula koki na birika, na utanunua ndoo za kunywa na kupikia kila siku. Uliza pia shimo la choo likijaa nani analipa, na kama gari la kunyonya linaweza kuingia kwenye kichochoro hicho. Lisipoweza, mvua za masika zitakuonyesha wanachofanya majirani.

Umeme ni chanzo kikuu cha ugomvi wa wapangaji. Dai chumba chenye LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kama ni ya pamoja, muafikiane kwa vifaa na si kwa vichwa, maana mwenye friji na pasi halingani na mwenye taa moja na chaja. Nyumba ya wapangaji wengi kwenye mita moja huvuka kwa urahisi uniti 75 kwa mwezi, kiwango cha mwisho cha bei nafuu ya watumiaji wadogo, na kuanzia hapo kila mmoja anaumia. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Mwenye jukumu la kodi hiyo ni mwenye nyumba, na mita iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme huweza kuwa na deni litakalokatwa kwenye manunuzi yako ya kwanza. Nunua uniti kidogo mbele yake kabla ya kusaini, muone kinachokatwa, na muandike kwenye mkataba jinsi atakavyokurudishia. Siku ya kuhama, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, inatosha kwa mtu wa chumba na sebule. Fuso ni hasara, na huenda isiingie mtaani.

Kwa wanaosimamia Stendi ya Magufuli naomba bango kubwa penye mlango wa kutokea, likionyesha daladala za kila upande na vituo vyake kwa mpangilio, Mbezi Beach na Mloganzila zikiandikwa wazi kwa barabara zake. Na kwa wenyeviti wa serikali za mitaa: bandikeni kwenye ubao wa ofisi orodha ya madalali mnaowatambua, picha na namba zao za simu, na muifanye upya kila baada ya miezi mitatu.

Mkazi wa Kimara,
Dar es Salaam