Taarifa ya Mwenyekiti: Acheni Kalenda, Pimeni Maji

Ndugu wanachama, salaam. Mahesabu mhazini atayasoma mwenyewe na uchaguzi tutaumaliza palepale ukumbini, mimi leo naongelea straipa (striped bass), yule samaki wetu wa mistari, maana ndo kelele ya grupu tangu Aprili, kila mtu samaki wako wapi samaki wako wapi.

Jamani, straipa haangalii tarehe. Wale wakubwa wanazalia kusini mwetu, ghuba ya Chesapeake na mto Hudson, na wanataga sana maji yakifika kama nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, wakishamaliza ndo wanapanda kaskazini kuja huku kwetu Massachusetts, kwa hiyo baridi ikigoma kuondoka kule kusini na sisi huku tunakaa na mishipi mikavu. Wadogo wanatangulia. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 (wenyeji watakwambia 50, wao na Fahrenheit yao) hata akiwepo anakuwa mzito, hali kitu, utarusha mpaka bega liume. Heringi, wale samaki wadogo anaowala, wakianza kupanda mitoni changamka, straipa yuko nyuma yao, ila heringi wenyewe msiwaguse, hapa Massachusetts ni marufuku.

Waliokulia pwani mnajua kusi na kaskazi zinavyoamua nani aende baharini, huku anayeamua ni kipimajoto. Mwanzo wa msimu nendeni vighuba vya maji mafupi vyenye tope jeusi, vinapata moto mapema, hasa maji yakipwa alasiri baada ya jua kupiga. Mfereji wa Cape Cod nao una mambo yake, unaunganisha ghuba mbili, na upande wa Buzzards Bay unapata joto kabla ya Cape Cod Bay, mkondo ukigeuka tu maji yanabadilika na wewe hujahama jiwe lako.

Sasa lililonikera ni Julai na Agosti. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, samaki kapigana kachoka, halafu mtu anamshika juu apigwe picha tano ndo amrudishe, huyo anaenda kufia mbele. Sheria ni kubaki na mmoja kwa siku, urefu inchi 28 mpaka 31, na ukitumia chambo ndoano iwe ya duara. Mchana wa joto kali pumzikeni, au nendeni alfajiri.

Kamati imekubali kununua vipimajoto vya kamba, vitakuwa kwa katibu kabla ya msimu. Ukichukua uandike joto kwenye grupu, sio picha ya samaki tu.