Pishi Yako Imo: Salamu za Idi el-Fitri

Idi Mubarak, ndugu zangu wa karibu na wa mbali. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga, sala na yale machache tuliyotoa. Najua wengine wamesali jana na wengine watasali kesho. Ugomvi wa mwezi tuuweke hadi Shaabani ijayo, hautakwisha leo.

Salamu zangu za safari hii nimemkusudia zaidi yule anayeiona sikukuu ni ya wenzake. Hana nguo mpya, hana cha kuwapa watoto mkono wa Idi. Au yuko Maskati kwenye nyumba ya watu, anapika Idi ya wengine. Ukimpa salamu anajibu, "Ah, mimi nina sikukuu gani?"

Unayo. Ungesimama jana jioni kwenye mlango wa jiko lolote huku pwani ungeona. Gunia la mchele limefunguliwa, mama mwenye nyumba kashika kibaba, anapima huku akitaja watu: vinne vya bibi, vinne vya baba watoto, vinne vya kichanga kinacholia chumbani. Vibaba vinne ndiyo pishi, kama kilo mbili na nusu hivi, na kila kichwa kinatolewa pishi yake ya fitri, ile zaka ya chakula wanayopewa masikini. Kitoto kilichozaliwa jana kabla ya jua kuzama, hata jina hakijapewa, nacho kimo. Mwenye maduka haongezewi kibaba, na kikongwe asiyetoka kitandani hapunguziwi. Wala pale haulizwi mtu amesoma hadi wapi, ana kazi gani, ameolewa au bado. Hata masikini, akiwa na ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi, hutakiwa atoe, kwa hiyo naye hakuachwa upande wa kupokea tu.

Sasa mtu aliyepimiwa sawa na tajiri wa mji anajidharau kwa sababu ya kanzu ya mwaka jana! Ifue, ipige pasi, jifukize udi, utoke.

Jambo jingine ni hii siku yenyewe. Leo kufunga ni haramu. Hata kama una deni la Ramadhani nzima kwa sababu ya maradhi, leo hulipi. Deni lina siku zake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akila tende kabla ya kwenda kusali Idi hii. Sisi tumezoea kujiwekea furaha kiporo: nikimaliza kupaua nyumba, mtoto akifaulu, nikirudi kutoka Arabuni. Leo tumeamrishwa kula kabla hayo yote hayajatimia.

Na hapa nina neno kwa wanaume wa nyumba. Aliyeamka alfajiri kukoroga boko boko na kupalia mkaa pilau, asije akala ukoko wa mwisho kasimama wima. Mtengeeni sahani yake mapema, akae, wageni wakaribishwe wamkute anakula.

Mlio mbali, pigeni simu nyumbani, hata kama vocha ni ya dakika mbili. Wenye nia ya kufunga zile siku sita za mwezi wa Shawwali, ni kuanzia kesho. Watoto wameshavaa, wanataka kupelekwa viwanjani Mnazi Mmoja, nami naitwa. Sikukuu njema nyote.