Mguu mmoja ukivimba, mjamzito asiambiwe 'ni kawaida'

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi. Mwaka jana, mimba ikiwa ya miezi saba, mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba na kuuma. Wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa unaingia kwenye kiatu kama siku zote. Kila aliyepita kibandani alisema hiyo ni mimba, miguu huvimba. Shangazi akachemsha maji ya chumvi, akawa ananikanda kila jioni. Zahanati niliyokwenda ilinipa panadol na kuniambia nilale miguu ikiwa juu ya mto.

Siku moja nikachukua futi ya kazini nikajipima vigimbi, kama ninavyompima mteja wa suruali. Kulia sentimita 35, kushoto 39. Nguo ikipishana hivyo, mteja anairudisha!

Asubuhi nikaenda hospitali kubwa. Daktari aliniuliza kwanza kama nahema kwa shida au kifua kinachoma, maana bonge la damu likinyofoka mguuni hukimbilia mapafuni na linaweza kuua. Akanieleza kuwa damu ya mjamzito huganda upesi, na mguu wa kushoto ndio huathirika zaidi kwa sababu mshipa wake hubanwa huko tumboni. Ultrasaundi ya mguu ilikuwa hadi kesho yake. Hakuisubiri, alinichoma palepale heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo kikaonyesha bonge pajani, na shangazi akapigwa marufuku kukanda.

Vidonge vya warfarini, navyo vya kuzuia damu kuganda, anavyomeza jirani yangu mgonjwa wa moyo, sikupewa, kwani huvuka kondo la nyuma na vinaweza kumdhuru mtoto. Heparini haivuki. Nilijichoma tumboni kila siku, nikaambiwa uchungu ukianza tu nisijichome tena hadi wanione, kisha nikaendelea wiki sita baada ya kujifungua. Fedha ya sindano hizo ilimaliza mtaji wa vitambaa.

Kliniki tunapimwa uzito, presha, mkojo na tumbo. Mimi hakuna aliyewahi kuniinua kitenge akaitazama miguu yote miwili. Naomba wauguzi wafanye hivyo, na anayeshukiwa apewe rufaa siku hiyohiyo, si "njoo wiki ijayo".

Mwanangu ana miezi minne sasa. Shangazi bado anadai ni chumvi yake.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi