Mtoto wa marehemu dada yangu yuko kizimbani, na mdogo wake kaniambia nisilotaka kulijua

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa saba usiku. Watoto wamelala, mume wangu naye amelala au anajifanya amelala. Majina yetu nimeyaacha na mtaa sitautaja, maana Tanga ni mji mdogo: ukipiga chafya Chumbageni, wa Makorora anakuambia afya.

Mwaka juzi, wiki moja baada ya Idi, dada yangu na shemeji yangu waliuawa usiku mmoja nyumbani kwao. Walivyouawa sielezi. Wameacha watoto wawili, wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16, na wa kike aliyekuwa na miaka 8. Siku ya mazishi, watu hata hawajamaliza kunawa mikono, polisi walikuja wakamchukua yule wa kiume. Hajarudi mpaka leo. Anashtakiwa kwa mauaji, makosa mawili, moja la baba na moja la mama.

Mjini walishamhukumu jioni ileile, na siwezi kusema walikosa pa kuanzia. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, anashinda Deep Sea na wavuvi, baba yake kamnyang'anya simu, na wiki hiyohiyo walipigiana kelele mpaka majirani wakatoka nje. Shati lake lilikuwa na damu. Yeye anasema alirudi kutoka kuangalia mpira kwenye banda la video, akakuta mlango wa uani uko wazi, akawaona, akajaribu kumwinua mama yake, palepale akapiga kelele za kuita watu. Mdogo wake, anasema, alikuwa amelala muda wote. Hilo la kulala lishike, nitalirudia.

Kuna karatasi ya polisi, maelezo ya onyo, yenye dole gumba lake, inayosema ndiye. Mahakamani ameyakana. Wakili wake anasema yaliandikwa usiku bila ndugu wala afisa ustawi wa jamii pembeni yake, na hilo atalipigania.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini miaka hii miwili mahakama imenisomesha. Nilidhani kwa kuwa ni mtoto kesi itakwenda Mahakama ya Watoto, nilikuwa nimesikia redioni kuhusu ile Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Afisa ustawi akanieleza kwamba mahakama ile ina aina zake za makosa inayoyasikiliza, ila mauaji yanasikilizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa awe mtoto awe mzee. Kwanza akapelekwa kwa hakimu, akasomewa, akaambiwa asijibu chochote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza kesi yake. Dhamana ya mauaji hakuna. Basi ikawa kila baada ya siku 14 tunakwenda, upelelezi haujakamilika, tunarudi. Nauza vitumbua mimi. Siku za kesi nilikuwa nakaanga saa tisa usiku ili saa tatu asubuhi niwe nimekaa kwenye benchi, nguo zinanuka mafuta. Hatimaye ikaja siku ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu, wakasoma mashahidi ni nani na kila mmoja atasema nini. Shahidi namba tatu ni mdogo wake. Maelezo yake hayakuchukua hata dakika mbili: alikuwa amelala, kaka yake alimwamsha, aliona damu kwenye shati, majirani wakaja.

Wakili wa kijana analipwa na serikali kwa kuwa sisi hatuna uwezo. Aliniomba kitu kimoja, uthibitisho wa umri. Cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa. Nikaenda kufungua sanduku la dada, na chini kabisa, katikati ya khanga ambazo hata hajazikata doti, nikakuta kadi ya kliniki inanukia udi. Zile nukta za uzito zimepanda vizuri mpaka mwezi wa saba, zikashuka, pembeni nesi kaandika “kuhara”, zikapanda tena. Nilikumbuka kuhara kwenyewe. Tulikesha naye zamu kwa zamu, mimi na dada, tukimnywesha maji ya mchele. Tarehe ya kuzaliwa ipo. Wakili akahesabu kwa vidole: siku ya tukio alikuwa na miaka 16 na miezi minne. Kwa hiyo hata akitiwa hatiani hanyongwi, Kanuni ya Adhabu inakataza kumhukumu kifo aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Atazuiliwa kwa kadiri atakavyoona Rais. Nikauliza hiyo ni miaka mingapi. Akasema haina idadi.

Nilimshukuru dada yangu kwa kuitunza kadi. Nilipofika nyumbani ndipo nikajisikia: namshukuru marehemu kwa kumwokoa na kitanzi mtu anayedaiwa kumuua yeye.

Kila Jumamosi nampelekea chakula. Mwanzo alikuwa mahabusu ya watoto, alipotimiza miaka 18 akahamishiwa gerezani. Wali wa nazi na samaki, na kipande cha mkate wa ajemi maana tangu mdogo anaupenda. Mlangoni nikiambiwa nionje kwanza, naonja. Kwa hilo nimepoteza watu. Wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa wananisalimia kwa macho. Jirani yangu mmoja kila Jumamosi nikitoka na kapu hujitanda khanga moja tu, ile ya “Kikulacho ki nguoni mwako”, akasimama barazani nipite mbele yake. Mimi napita.

Upande wa shemeji ndio mzito. Kaka yake, yaani baba mkubwa wa watoto, ndiye msimamizi wa mirathi. Yeye hana shaka kabisa kwamba kijana kaua, na hataki asikie habari ya chakula changu. Nilimuuliza shehe mirathi itakwendaje, akanifungua macho. Muuaji hamrithi aliyemuua. Mtoto wa kiume akiwepo, baba mkubwa hapati kitu. Akiondolewa kwa kuua, binti anachukua nusu, na inayobaki ya baba yao inakwenda kwa huyo baba mkubwa. Nikamtazama shehe kama mtu aliyenipa siri ya mwizi. Naye akacheka kidogo, akaniuliza, “Na mali ya dada yako je?” Wazazi wetu walishatangulia, kaka hatuna, tulizaliwa wawili tu. Kumbe dada anayerithi pamoja na binti wa marehemu huchukua kinachobaki. Dada ana kiwanja Pongwe na bangili zake za dhahabu. Yaani kijana akifungwa na mimi napata, kama yule ninayemsema. Tangu siku hiyo mdomo wangu juu ya baba mkubwa umepungua makali.

Sasa nije kwenye kilichoniondolea usingizi.

Huyu mdogo naishi naye mimi. Ana miaka 10 sasa. Ijumaa iliyopita nilikuwa namsuka, kakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yangu, mafuta ya nazi kwenye kisosi, nimefika mstari wa tatu. Akasema bila kugeuka, “Mamdogo, mahakamani wataniuliza ya kuhesabu?”

“Kuhesabu nini?”

“Kaka aliniambia nihesabu mpaka elfu moja.”

Akanieleza, kwa sauti ileile anayotumia kunieleza ya shule. Usiku ule kaka yake aliingia chumbani taa ikiwa imezimwa, akamwamsha, akamwambia asitoke, ahesabu mpaka elfu moja, akifika huko atakuwa amerudi. Akafunga mlango kwa komeo la nje. Akahesabu mpaka mia tatu na kitu, akasahau alipofika, akaanza upya. Mara ya pili alifika mia sita na kitu, mlango ukafunguliwa na majirani wakawa wamejaa uani.

“Alikuwaje alipokuja kukufungia?”

“Alikuwa analia.”

“Mbona polisi hukuwaambia?”

“Hawakuniuliza kuhesabu. Waliniuliza nilimwona nani.”

Shangazi, mtu anayelia kabla hajafunga mlango, ni kwa alichokiona au kwa anachokwenda kukifanya? Usiku wa nne huu nalizungusha. Nikiligeuza upande mmoja, ni kijana wa miaka 16 aliyekuta wazazi wake wamelala kwenye damu, na kitu cha kwanza kilichomjia ni mdogo wake asitoke akaona. Huyo ndiye ninayemjua, ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake kwenye baiskeli mpaka madrasa kila siku. Nikiligeuza upande wa pili sitaki kumaliza kulisema. Halafu kuna la muda. Jana nilisimama jikoni nikaitazama saa ya ukutani nikahesabu mpaka mia tisa, polepole kidogo kama mtoto. Robo saa na ushee. Yeye anasema alipowaona tu alipiga kelele. Na anasema mdogo wake alikuwa amelala muda wote. Kwa nini aseme amelala? Alikuwa anamkinga asiulizwe maswali, au alikuwa anajikinga mwenyewe?

Kuna swali moja ambalo sikumuuliza mtoto: kabla kaka yako hajaingia, ulisikia nini? Lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikachovya mafuta nikaendelea kusuka, na nadhani nilivuta sana maana alilalamika naumia.

Jumamosi, siku ya pili yake, nilikwenda gerezani nikiwa nimejiapiza kumuuliza kijana mwenyewe. Askari amesimama hapo, dakika zinakwenda. Kala wali, kaniuliza hali ya mdogo wake, kama bado anakoroma. Nikasema bado. Nikarudi.

Mume wangu nilimwambia, akanikata: nyamaza, hukusikia kitu, mtoto kaota. Si mtu mbaya, amechoka. Shehe siwezi kumwendea, wanakunywa kahawa baraza moja na baba mkubwa. Wakili wa kijana alinionya zamani, kabla hili halijatokea, kwamba nisimuulize mtoto chochote cha usiku ule, kwani jaji akiona shahidi amefundishwa nyumbani ushahidi wake wote unaharibika. Sasa nikimpelekea wakili hili, je, litamsaidia kijana au nitakuwa nimempa mzigo asioweza kuutua? Nikilipeleka kwa wakili wa serikali, yule wa mashtaka, nimemfukia mtoto wa dada yangu kwa mkono wangu, na shehe keshaniambia napata nini. Nikinyamaza, mtoto anaweza kulisema mwenyewe kizimbani, halafu aulizwe mbele ya watu mbona polisi hakusema, aonekane mwongo, naye hajawahi kudanganya hata kuhusu sukari.

Na atalisema. Wakili alinieleza kuwa mtoto wa umri wake anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, sheria ya ushahidi tangu irekebishwe mwaka 2016 inamtaka aahidi kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Watu wazima wanaapa na msahafu mkononi wakadanganya. Huyu ni mtoto aliyeambiwa ahesabu gizani, akahesabu, na alipokosea akaanza upya.

Kitu kingine. Nilipomaliza kumsuka alijitazama kwenye kioo akaniuliza, “Nikiwaambia ya kuhesabu, kaka atarudi?” Nilimwambia akalale.

Kikao kinaanza baada ya wiki tatu. Sikuulizi kama kijana kaua, hilo lina jaji wake. Naomba uniambie: nimuulize mtoto lile swali, au niliache mpaka aulizwe na wenye kazi yao? Na hili la kuhesabu nilipeleke kwa nani, maana kukaa nalo peke yangu nimeshindwa? Na huyu mdogo, akiniuliza tena kama kaka yake atarudi, nimjibu nini ambacho si uongo?

Ukiweza kujibu mapema nitashukuru. Misuko ile hukaa wiki mbili. Kabla ya kwenda mahakamani itabidi nimfumue nimsuke upya, na atakaa palepale katikati ya magoti yangu, amenipa mgongo.

Mamdogo,
Tanga