Hodi ya Desemba: Salamu za Krismasi kutoka Oaxaca

Shikamoo Mama. Shikamooni wazee wangu wote wa Marangu, na shangazi zangu mlioko Himo. Wanangu wa Houston, hamjambo? Wajukuu zangu hawajambo? Na ninyi ndugu na marafiki mliotawanyika Dar, Nairobi, Minneapolis na Muscat, salamu zangu ziwafikie mkiwa wazima.

Leo ni tarehe 20 Desemba. Sauti imenikauka kwa kuimba, na ua wetu umejaa maganda ya karanga na vipande vya karatasi za rangi. Jana usiku posada ilikuwa kwetu, zamu yetu ya kwanza tangu tuhamie hapa Oaxaca, Mexico. Kabla sijashika ufagio nimeona niwaandikie, maana nikishaanza kazi za nyumba mtasubiri hadi mwaka mpya.

Wengi mmeniuliza posada ni nini. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, usiku tisa mfululizo, watu wa mtaa hukusanyika jioni na kubeba sanamu ndogo za Yusufu na Mariamu. Wanatembea na mishumaa mikononi hadi nyumba yenye zamu. Wakifika wanagawanyika: nusu wanaingia ndani na kufunga mlango, nusu wanabaki barabarani. Walio nje wanaimba kuomba malazi, kwamba mke amechoka na hawezi kwenda mbele tena. Walio ndani wanajibu kwa tuni ileile kwamba hapa si nyumba ya wageni, endeleeni na safari, huenda ninyi ni wezi. Wanajibizana ubeti kwa ubeti mpaka wa ndani wanatambua ni nani aliyesimama kizingitini. Hapo mlango unafunguliwa na wimbo unageuka kuwa wa shangwe. Walioanzisha ibada hizi ni watawa Waagustino wa Acolman, karibu na Mji wa Mexico, katika karne ya 16, na hadi leo watoto wadogo wanaziimba beti zote bila kitabu.

Mimi Mlutheri wa Marangu sikuhitaji mkalimani. Hii ni hodi. Unapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na huingii mpaka wenyewe waseme karibu.

Halafu lipo lile neno letu. Nyumbani watu hututania Wachagga kwamba kila Desemba tunapanda Moshi "kuhesabiwa". Nakumbuka Ubungo ya miaka ile, tiketi zimeisha, mtu kabeba mchele, sukari na kitenge cha mama yake, na yuko radhi kusimama njia nzima mradi afike. Yusufu naye alikuwa anakwenda kwao kuhesabiwa alipokosa nafasi Bethlehemu. Na Wamexico walioko Marekani nao ni hivyohivyo. Ikifika katikati ya mwezi huu unaona magari ya namba za California na Texas yakiingia vijijini, yamefungwa baiskeli na majokofu juu, na bibi kizee ametoka nje kabla injini haijazimwa.

Mwaka wetu wa kwanza hapa nilifanya jambo ambalo linaniuma hadi leo. Mnajua nilitoka wapi. Miaka 22 Houston, uuguzi wa zamu ya usiku, watoto walilelewa pale na uraia nikaupata pale. Kwa miaka yote hiyo nilijifunza kwamba mtu akija mlangoni usiku bila kupiga simu kwanza, humfungulii. Unazima taa. Tukaja hapa kwa sababu pensheni ya baba watoto ilikuwa haitoshi kodi na dawa kule, na hapa inatosha. Mama jirani alitueleza habari za posada, ila Kihispania changu cha wakati ule kilikuwa kinadaka neno mojamoja, nikamwambia ndiyo, ndiyo. Kumbe nimekubali wapitie kwetu. Usiku ule nikasikia kelele getini, watu wengi, wanaimba. Nikazima taa ya sebuleni. Mume wangu akaniuliza kwa kunong'ona kuna nini, nikamwambia tulia. Tulikaa gizani tukisikia wanarudia ubeti mara mbili, mara tatu, kisha nyayo zikaondoka.

Asubuhi yake mama jirani alikuja. Hakuuliza lolote. Alinipa kifuko cha karatasi chenye machungwa mawili, kipande cha muwa, karanga na pipi, ile zawadi anayopewa kila aliyehudhuria, akasema zetu zilibaki. Nilikishika kile kifuko nikashindwa hata kusema asante vizuri.

Tangu siku hiyo nimejifunza mlango wa watu hawa polepole, na kwa kweli maisha ya kila siku ndiyo yaliyonifundisha. Ukiingia zahanati, ukiingia benki, ukipanda daladala yao, unawasalimu waliomo: habari za mchana. Nao wanaitikia wote. Ukipita mezani kwa mtu usiyemjua anakula, unamtakia chakula chema. Mtu akikuelekeza anakokaa anasema "nyumbani kwako ni namba fulani", maana yake nyumbani kwake. Wakipanga jambo la kesho wanatanguliza "primero Dios", kama sisi na Mungu akipenda. Baada ya miaka mingi ya lifti ambazo kila mtu anatazama viatu vyake, ilikuwa kama mtu amenirudishia kitu changu. Asubuhi anapita muuza mitungi ya gesi, halafu wa maji ya madumu ya lita 20, na jioni mkokoteni wa viazi vitamu vya kuchoma ambao mvuke wake unapiga mluzi mrefu wa kuhuzunisha. Mume wangu akiusikia anatoka na sarafu.

Sokoni wananiuliza kama nimetoka Costa Chica. Ni ukanda wa pwani kati ya Guerrero na Oaxaca, wenye vijiji vya watu weusi waliotokana na Waafrika walioletwa utumwani zama za Wahispania. Katiba ya nchi iliwatambua mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ilipouliza, zaidi ya watu milioni 2.5 nchi nzima walijitaja kuwa na asili hiyo. Niliposoma hayo niliwaza lile neno letu tena, kuhesabiwa. Siku hizi nikiulizwa najibu kwamba nimetoka mbali zaidi, lakini nafurahi kuulizwa.

Wanangu mliuliza kama tulifanya Thanksgiving, ile sikukuu ya Marekani ya kushukuru. Tulifanya, Alhamisi ya nne ya Novemba kama desturi, ingawa hapa ni siku ya kazi na muuza gesi alipita kama kawaida. Nilimwagiza bata mzinga kwa mwanamke wa kijijini anayewaleta wakiwa hai, na nilipomweleza kwamba kwetu Marekani ndege huyu ndiye mfalme wa sikukuu, alinishangaa. Kwao ni guajolote, jina la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, na wazee wao walimfuga karne nyingi kabla Mhispania hajatia mguu hapa. Ni ndege wao. Alikwenda Ulaya kutoka Mexico. Hata lile ua jekundu la Krismasi tunaloliita poinsettia kule Texas limepewa jina la Joel Poinsett, balozi wa kwanza wa Marekani hapa, aliyepeleka mmea huo kwao miaka ya 1820. Wenyewe wanaliita nochebuena, usiku mwema, na lilikuwa na jina la Kinahuatl kabla yake. Nimekula na kupamba vya watu hawa miaka 22 nisijue ni vya nani.

Sasa niwape habari za ponche, kinywaji cha moto cha matunda, kwa sababu ndiyo iliyonichosha. Tulipika sufuria la lita 40 kwenye ua. Unaanza na tejocote, tunda dogo la manjano lenye unga kama tofaa bichi. Unalichemsha kidogo, ukilitoa ganda linateleza kwa vidole, na vidole vinaungua. Tulikaa wanawake sita kuzunguka beseni tangu saa tisa mchana. Kisha mapera yaliyokatwa, miwa iliyochanwa vijiti, mdalasini, sukari guru, plamu kavu. Na mwisho vinatiwa vitu viwili ambavyo nilivipokea mkononi nikanyamaza: ukwaju na rozela. Rozela wanaiita jamaica, na wanadhani ni ya kwao tangu Adamu. Niliwaambia kwamba vyote viwili asili yake ni Afrika, na kwamba mama yangu ananunua ukwaju kwa fungu soko la Mwika. Mama jirani akachukua ukwaju mmoja, akaumenya, akaula taratibu akinitazama. Akasema, basi na wewe umo sufuriani.

Kesho kutwa nitawaachia wengine jikoni, nikapumzike. Tarehe 23 tutakwenda uwanja mkuu kuona Usiku wa Figili, mashindano yaliyoanza mwaka 1897. Wakulima huacha figili ardhini hadi zinene kupita kiasi, kisha wanazichonga watu, makanisa, wanyama, hadi pango zima la Bethlehemu. Mwaka jana nilisimama mbele ya babu mmoja aliyekuwa akinyunyizia kazi yake maji kila baada ya dakika chache, kwa sababu figili ikikauka inasinyaa na weupe wake unachafuka. Kazi ya siku nzima kwa ajili ya jioni moja. Baadaye tutakula buñuelo, mkate mwembamba wa kukaanga uliolowa asali ya sukari, katika bakuli la udongo ambalo ukimaliza unalivunja chini na kunuia jambo lako.

Nawaandikia furaha, lakini kuna jambo lazima niliseme. Sisi Wamarekani tumejaa hapa, na kodi za nyumba zimepanda. Kijana anayefundisha shule ya mtaa huu amehamia mbali kwa sababu nyumba aliyopanga imegeuzwa ya wageni wa siku mbili tatu. Watu wameandamana juu ya hili, na nawaelewa. Wapo wenzetu wanaoingia bila hodi, miaka sita hapa na hawajui jina la anayewauzia mkate. Siwezi kusema mimi simo. Kodi ninayolipa, mwalimu yule haiwezi. Ninachoweza ni kuisema kweli hii, kujifunza lugha, kununua kwa wa mtaani kwa bei yake, na kubeba zamu yangu.

Na mlango wa upande wa pili haufunguki vivyo hivyo. Mtoto wa kiume wa mama jirani yuko Los Angeles, jikoni mwa hoteli, mwaka wa 17 sasa, hana karatasi. Akitoka harudi. Mama yake ameomba viza mara mbili akanyimwa. Mimi na pasipoti yangu ya bluu napanda ndege asubuhi, mchana niko Houston nawashika wajukuu. Mwanamke huyu ndiye aliyenipa kifuko cha machungwa nilipomzimia taa.

Sasa jana. Watu walikuwa kama sitini. Mimi nilikuwa wa ndani, nimeshika karatasi ya beti japo ninazijua, nimeegemea mlango kwa mgongo. Nje walipoanza kuimba nikasikia sauti moja inapishana na nyingine, inachelewa kidogo, ina mikwaruzo. Nikachungulia kwenye ufa. Mama jirani alikuwa amesimama mbele kabisa, mshumaa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameinua simu juu, uso wa mwanawe umo kwenye kioo na sare za kazi, anaimba. Alikuwa anaimba upande wa nje. Kule kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni, ameomba dakika kumi kwa wenzake. Beti za ndani, zile za kukatalia watu, zilinishinda. Waliokuwa nami waliimba, mimi midomo ilikataa. Ulipofika ule wa mwisho nilivuta komeo kabla hawajaumaliza.

Aliingia wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye pango tulilolitengeneza kwa karatasi na majani makavu, akaiegemeza simu kando ya hori. Hori bado tupu, mtoto anawekwa usiku wa tarehe 24. Yule kijana akasalimia watu wote mmoja mmoja, akaulizia piñata, ile nyota ya karatasi yenye pipi ndani inayopigwa kwa fimbo hadi ipasuke, ina pembe ngapi. Saba, tukamwambia, za dhambi saba. Akasema waipige barabara. Halafu mtu kule akamwita, akakata.

Mwaka mpya utakuja na mambo yake, zabibu 12 za saa sita usiku, keki ya Wafalme tarehe 6 Januari, tamale, unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya majani, za tarehe 2 Februari. Nitawaandikia.

Mama, usiku wa tarehe 24 hapa ikigonga saa sita, kwenu itakuwa saa tatu asubuhi ya Krismasi. Waambie waichaji simu mapema, na mkitoka ibada ya kwanza msiizime. Nitapiga hodi mara tatu kama ulivyonifundisha.

Krismasi njema na heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Feliz Navidad.

Binti yenu, Oaxaca